Tabora na Swali la Kuungana: Kutoka Kura Tatu hadi Katiba Inayopendekezwa

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika Tabora kutoka kila pembe ya Tanganyika. Mji ulifaa kwa mkutano wa namna hiyo. Reli kutoka Dar es Salaam inapita hapo kwenda Kigoma, na tawi la Mwanza linaungana nayo hapo hapo. Chama kilikuwa hakijatimiza hata miaka minne tangu kilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Miongoni mwa wale 17 waliokiasisi alikuwamo Germano Pacha wa Jimbo la Magharibi, jimbo ambalo makao yake yalikuwa Tabora.

Ajenda iliyowatoa watu makwao ilikuwa uchaguzi. Gavana Edward Twining alikuwa ameandaa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu ambao wananchi waliuita kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu, kimoja cha Mwasia. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kuandikishwa. Sheria ilidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Kwa mujibu wa sensa ya 1957, Waafrika walizidi milioni 8.6 na Wazungu walikuwa elfu ishirini na kitu. Kwa hesabu ya serikali, makundi hayo mawili yalistahili viti sawasawa.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kususa. Walichoamua hatimaye kiliingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Lakini uamuzi huo ulikuwa mwanzo tu wa hoja iliyoendelea kwa zaidi ya nusu karne: nchi ikishajitawala, ijiunge na nani, kwa masharti gani, na nani mwenye haki ya kuamua? Waskoti wamelijadili swali hilo ndani ya Uingereza, na Waingereza wamelijadili ndani ya Ulaya. Sisi tumelijadili kuhusu Afrika Mashariki na kuhusu Muungano, na mara kadhaa waliokuwa katikati ya mjadala wetu walikuwa watu wa Tabora.

Njia panda ya misafara

Swali hilo halikuwa geni Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayozunguka Tabora. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipanda milima ya Usagara, ikavuka mbuga kavu za Ugogo, ikafika Kaze na Kwihara, palipokuja kuitwa Tabora. Hapo iligawanyika: mkono mmoja ukaelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa, shanga na bunduki. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe yao na kuweka makazi.

Biashara hiyo ilileta mali, na mali ikaleta ugomvi wa madaraka. Mtemi Mnywasele wa Unyanyembe alipotaka wafanyabiashara wa pwani walipe ushuru wa bidhaa zao, walimwondoa kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kumtawaza Mkasiwa badala yake. Mnywasele aliendelea kupigana porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Kisha akainuka Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji na kuwapiga Waarabu wa Tabora, pamoja na mwanahabari Stanley aliyejiunga nao vitani wakati akiwa safarini kumtafuta Livingstone. Mirambo hakuichukia biashara; alitaka ipite katika nchi yake kwa ruhusa yake na kwa faida ya watu wake. Alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu baada yake.

Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani mpaka boma lake lilipotekwa Januari 1893 naye akapoteza maisha. Reli ya Wajerumani ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji, na baada ya hapo ukawa chini ya Waingereza. Katika muda usiofika robo karne bendera tatu za Ulaya zilipepea mji huo huo, na wenyeji hawakuulizwa hata mara moja. Kila mtawala mpya alikuja na masharti yake juu ya nani apite, nani alipe kodi na nani aitwe mtemi.

Mwalimu wa Tabora mjini Edinburgh

Waingereza walifungua Tabora shule ya serikali mwaka 1925, wakikusudia zaidi watoto wa machifu. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942. Baada ya Makerere alirudi Tabora, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria na kufanya kazi za TAA, chama kilichotangulia TANU. Mwaka 1949 aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akakaa huko mpaka 1952.

Mji aliofikia ulikuwa na mjadala wake wa kujitawala. Uskoti na Uingereza ziliunganisha mabunge yao mwaka 1707, na tangu hapo mambo makubwa ya Waskoti yaliamuliwa London. Oktoba 1949 wazalendo wakiongozwa na John MacCormick walizindua mjini Edinburgh hati ya kudai bunge la Uskoti ndani ya muungano uleule. Hati hiyo ilikusanya saini zipatazo milioni mbili katika nchi ya watu milioni tano hivi. Vyama vyote viwili vikubwa, Leba na Konsavativu, havikuifanyia kazi, kwa sababu hakuna kilichokuwa tayari kuruhusu swali la Uskoti livuruge nguvu zake bungeni London. Siku ya Krismasi 1950 wanafunzi wanne wa Kiskoti wakaenda Westminster Abbey wakalichukua jiwe la kutawazia wafalme wao wa kale, lililonyakuliwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 13.

Edinburgh hiyo hiyo ilikuwa na mjadala mwingine uliomgusa Nyerere moja kwa moja. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walitaka shirikisho litakalozibana pamoja Rhodesia mbili na Nyasaland. Makanisa ya Uskoti yalikuwa na misheni za siku nyingi Nyasaland, na Waskoti wengi walisimama na Waafrika kulipinga. Nyerere alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Kiafrika walioshiriki upinzani huo. Shirikisho liliundwa hata hivyo mwaka 1953, likafa mwaka 1963. Mambo mawili yalikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa akifuatilia: muungano unaolazimishwa na wachache hauna baraka ya watu, na madai ya watu milioni mbili yanaweza kuwekwa kando kama hayana chama cha kuyasimamia.

Mkutano wa Januari 1958

Nyerere, sasa akiwa rais wa TANU, alikuja Tabora akijua kwamba wengi hawako pamoja naye. Wazee wa TANU wa Tanga wamesimulia kwamba alipitia kwao kwanza, akazungumza kwa faragha na viongozi kama Mwalimu Kihere na Abdallah Rashid Sembe, akawaomba wamsaidie kuwageuza wajumbe. Mkutanoni aliacha kiti, uenyekiti ukashikwa na Kihere, ili rais wa chama aweze kusema kama mjumbe na kujibiwa kama mjumbe.

Waliotaka kususa walikuwa na hoja nzito. TANU ilikuwa imewaambia wananchi kila kijiji kwamba binadamu wote ni sawa. Itawezaje sasa kuwaambia wachague kwa rangi? Kuikubali kura tatu ni kuutia saini ubaguzi. Wengine walitoka sehemu ambako chama kilinyimwa hata usajili, kama Usukuma, na walikuwa wamechoka kuambiwa wawe na subira. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa chama, aliona kwamba kura ya kumpa Mzungu na Mwasia viti ni usaliti wa Mwafrika.

Nyerere hakuupamba utaratibu huo. Alikubali kwamba ni mbaya. Hoja yake ilikuwa kwamba TANU ikisusa, uchaguzi utafanyika vilevile, na United Tanganyika Party (UTP), chama kilichoanzishwa 1956 kwa kuungwa mkono na Gavana, kitachukua viti vyote. Baraza litakalopanga katiba ijayo litakuwa mikononi mwa watu wasiotaka uhuru wa haraka, na TANU itabaki nje ikipiga kelele. Kuingia kulikuwa na gharama, lakini kulikuwa na njia ya kuubomoa mfumo kutoka ndani: sheria ilimlazimisha kila mpiga kura achague watatu, kwa hiyo TANU ikitafuta Wazungu na Waasia wanaoamini usawa na kuwaunga mkono, itashinda viti vyote vitatu kila jimbo.

Wajumbe walibishana mpaka wakaelewana kwa wingi: TANU itashiriki. Wakaambatanisha sharti kwamba serikali ya madaraka ipatikane mwaka 1959, na isipopatikana chama kichukue hatua za nguvu bila kumwaga damu. Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuanzisha African National Congress. Baada ya Uhuru, katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, alisimama dhidi ya Nyerere akapata kura 21,276, mwenzake akapata zaidi ya milioni moja na laki moja. Aliyeshindwa hoja Tabora alipata nafasi ya kuipeleka hoja yake kwa wananchi wote, nao wakaipima.

Jinsi hesabu ilivyogeuka

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Walioandikishwa hawakufika 60,000. TANU na waliosimama kwa baraka zake walizoa viti vyote. Waliingia Waafrika wa chama, wakaingia Waasia kama Amir Jamal na Sophia Mustafa, na Wazungu kama Derek Bryceson na Lady Marion Chesham. UTP ilisambaratika. Sheria iliyotungwa kuwatenganisha wapiga kura kwa rangi ikawa imezaa kundi moja la wabunge wa rangi zote wenye lengo moja.

Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe aliingia barazani kwa uchaguzi huo. Alitawazwa mwaka 1957 katika kiti cha akina Mkasiwa na Isike, akiwa amesoma Tabora na Makerere. Julai 1959 alikuwa mmoja wa mawaziri watano wa kwanza waliotokana na wabunge wa kuchaguliwa, na wakati wa Uhuru ndiye aliyekuwa Waziri wa Sheria.

London ilishtuka. Januari 1959 Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alikutana na magavana wa Afrika Mashariki huko Chequers, Uingereza, na mawazo yao yalikuwa kwamba Tanganyika ipate uhuru karibu na mwaka 1970. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyaona matokeo ya kura tatu kwa macho yake akatambua kwamba ratiba hiyo haitekelezeki. Chama cha Konsavativu kiliposhinda uchaguzi wa Oktoba 1959, Waziri Mkuu Harold Macmillan akampa wizara ya makoloni Iain Macleod, mwana wa familia ya Kiskoti, na mwendo ukabadilika. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo havikuwa na mpinzani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Miezi michache kabla, tarehe 31 Julai 1961, Macmillan yule yule alitangaza kwamba Uingereza itaomba kujiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Serikali iliyokuwa ikiachia makoloni ilikuwa ikitafuta nyumba nyingine ya kuishi. De Gaulle wa Ufaransa aliufunga mlango Januari 1963, na Uingereza iliingia tarehe 1 Januari 1973. Kufikia hapo Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa tayari na mkataba wao na Jumuiya hiyo, uliotiwa saini Arusha mwaka 1969 na kuanza kazi 1971. Nchi tatu za Afrika Mashariki ziliketi mezani na Ulaya ya pamoja kabla mtawala wao wa zamani hajakubaliwa kuwa mwanachama.

Kuungana bila kuulizwa

Nyerere hakutaka uhuru wa nchi moja moja. Juni 1960, mjini Addis Ababa, alisema Tanganyika iko tayari kuchelewesha uhuru wake ili Kenya na Uganda ziwe huru pamoja nayo na ziunde shirikisho. Ni kauli ya ajabu kwa kiongozi aliyekuwa akikaribia kushika serikali, na ilitoka moyoni. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta wa Kenya na Milton Obote wa Uganda walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litakamilika mwaka huo huo. Halikukamilika. Uganda ilikuwa na mashaka, Buganda ilihofia kumezwa, na kila serikali mpya ilikuwa imeanza kuzoea bendera yake.

Kilichotokea badala yake kilitokea kwa haraka kubwa. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 22 Aprili Nyerere na Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, walitia saini Hati za Muungano, Bunge la Tanganyika likaridhia, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja. Mambo ya kimuungano yalipewa serikali ya pamoja, Zanzibar ikabaki na serikali yake, na serikali ya Tanganyika ikamezwa na ile ya Muungano. Wananchi wa upande wowote hawakupiga kura.

Mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kila upande, TANU bara na Afro-Shirazi visiwani. Hoja zote za kuungana sasa zilikuwa hoja za vikao vya chama. Kiti cha mtemi nacho kilikuwa kimefutwa mwaka 1963, na mwaka huo huo Fundikira aliondoka serikalini. Baadaye aliongoza bodi ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mojawapo ya mashirika yaliyoonyesha kwamba nchi tatu zinaweza kumiliki kitu kimoja. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1967 ikavunjika, ndege zikagawanywa, mipaka ikafungwa. Vyama viwili viliungana na nchi tatu zikaachana, na katika yote mawili wananchi walipata habari redioni.

Uingereza ilikuwa ikipita njia nyingine. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Harold Wilson, ambaye chama chake cha Leba kilikuwa kimepasuka juu ya Ulaya, aliwapelekea wananchi swali: tubaki au tutoke? Asilimia 67 walitaka kubaki. Mwaka 1979 Waskoti waliulizwa kama wanataka bunge lao. Asilimia 51.6 ya waliopiga kura walikubali, lakini sheria ilidai ndiyo zifike asilimia 40 ya walioandikishwa, na hazikufika. Chama cha Kitaifa cha Uskoti, SNP, kikaiacha mkono serikali ya Leba, nayo ikaanguka bungeni kwa tofauti ya kura moja, 311 kwa 310. Waskoti waliulizwa tena mwaka 1997 wakapata bunge. SNP, ambayo mwaka 1975 iliipinga Ulaya, ilikuwa imegeuka mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuhubiri uhuru ndani ya Ulaya: nchi ndogo ijitoe katika muungano mmoja na kuegemea mwingine mkubwa zaidi.

Vyama vingi na serikali tatu

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Tanzania mwaka 1992, na Fundikira alikuwa mmoja wa waliousukuma, akiongoza chama cha UMD. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipendekeza vyama vingi, ikapendekeza pia shirikisho la serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Serikali ilichukua pendekezo la kwanza na kuliacha la pili.

Hoja haikulala. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, kwa jina lake yenyewe. Wabunge wa bara wakauliza: mshirika wa Muungano ana mamlaka gani ya kuingia katika jumuiya ya kimataifa peke yake? Zanzibar ilijitoa Agosti 1993, lakini mwezi huo huo wabunge 55 wa CCM, wakiongozwa na Njelu Kasaka, walileta bungeni hoja ya kuunda serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Bunge likaikubali. Nyerere, akiwa amestaafu, aliipinga kwa nguvu zake zote. Aliandika kitabu, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kuwashutumu viongozi walioiachia hoja hiyo ipite. Chama kiliirudisha kwa wanachama wake, kisha kikaifunga. Kwa mara nyingine kikao cha chama kiliamua badala ya Bunge, na wananchi wasio wanachama hawakuhesabiwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ilipotokea hoja ya kuharakisha shirikisho la kisiasa, kamati ya Profesa Samuel Wangwe ilizunguka nchini mwaka 2006 na 2007 kukusanya maoni. Wengi walikataa haraka hiyo. Walitaka biashara na ujirani, na walihofia ardhi yao na ajira zao. Serikali iliwasikiliza, na Tanzania ikashikilia msimamo wa kwenda hatua kwa hatua. Hapo wananchi waliulizwa kwanza, na jibu lao likawa na uzito.

Mwaka 2014

Mtu aliyesimamia hatua kubwa iliyofuata alikuwa Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, katika nchi iliyokuwa makao ya Mirambo. Sitta alikuwa Spika kuanzia 2005 hadi 2010, kisha Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 alichaguliwa Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma. Maswali mawili ya kuungana, la Afrika Mashariki na la Zanzibar, yalikutana juu ya meza ya mtu mmoja.

Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imekusanya maoni nchi nzima kuhusu katiba mpya na kuleta rasimu yenye serikali tatu. Machi 2014 Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge hilo akieleza hatari za serikali tatu na kutetea mbili. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa upinzani, chini ya umoja walioupa jina la UKAWA, walitoka nje wakidai maoni ya wananchi yanatupwa. Bunge Maalumu liliendelea bila wao. Tarehe 2 Oktoba 2014 likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijafanyika. Sitta alifariki Novemba 2016.

Wakati wajumbe wakiwa bado Dodoma, tarehe 18 Septemba 2014, Waskoti walipiga kura ya kujitenga. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6, vijana wa miaka 16 wakiwamo. Asilimia 55.3 walikataa kujitenga. Moja ya hoja zilizowatia hofu ni kwamba Uskoti huru ungejikuta nje ya Umoja wa Ulaya. Miezi 21 baadaye, tarehe 23 Juni 2016, Uingereza nzima iliamua kwa asilimia 51.9 kujitoa Ulaya, huku Uskoti ukipiga asilimia 62 kutaka kubaki. Waskoti waliobaki katika muungano mmoja ili wasipoteze mwingine wakaupoteza huo wa pili kwa kura za wengine. Aliyeitisha kura hiyo, Waziri Mkuu David Cameron, aliiahidi Januari 2013 hasa ili kutuliza ugomvi ndani ya chama chake cha Konsavativu. Ugomvi haukutulia, na yeye alijiuzulu.

Kwa hiyo simsifu kila anayeitisha kura ya maoni. Kura inayoitishwa kuokoa chama inaweza kuwatwisha wananchi swali lisiloandaliwa. Ukiniuliza tufuate mfano gani, nitautaja wa Tabora. Januari 1958 swali liliwekwa wazi. Masharti yake mabaya yalitajwa kwa sauti, bila kupambwa. Kiongozi mkuu alishuka kitini akabishana kama wengine. Waliokataa walisikilizwa mpaka mwisho, kisha wakaachiwa nafasi ya kwenda kwa wananchi na hoja yao, na wananchi wakaipima mwaka 1962. Uamuzi ule ulidumu kwa sababu ulipita katika hatua hizo zote, na waliouamua waliweza kuutetea mbele ya yeyote.

Muungano wetu haujapita hatua hizo. Wazanzibari waliulizwa Julai 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa na asilimia 66.4 wakakubali, lakini kuhusu muundo wa Muungano wenyewe hakuna upande ulioulizwa kwa kura tangu 1964. Mimi naupenda Muungano huu na nataka uishi. Kwa sababu hiyo hiyo naamini serikali mbili na serikali tatu ziwekwe zote mbele ya wananchi, kila moja na gharama zake, mgawanyo wake wa mamlaka na majibu yake kuhusu jumuiya tunazoweza kujiunga nazo. Wapewe muda wa kubishana, na bara na visiwani wahesabiwe kila upande peke yake. Chama kinachoamini hoja yake hakina sababu ya kuiogopa siku hiyo, na Muungano utakaotoka humo utakuwa na kitu ambacho haujawahi kuwa nacho: ridhaa ya watu wake kwa kura.